Msimu Niliofundisha Bila Sauti

Sauti yangu ilikatika katikati ya mazoezi, nikiwa namgombeza mchezaji aliyechelewa kurudi nyuma kulinda. Nilikuwa nimefika kwenye "mara ngapi nimewaambia", na hapo hapo mdomoni kikatoka kitu kama tairi likipumua. Wasichana walicheka kwanza. Waliponiona nimeshika shingo wakanyamaza, mmoja akakimbia kuniletea maji. Niliyanywa yote, nikafungua mdomo tena, hakikutoka kitu.

Sikushangaa sana. Uwanja wetu wa kikapu uko Changamwe, nyuma ya maghala ya kampuni, na ukuta wake umepakana na barabara ya malori yanayoshuka bandarini Kipevu kuchukua makontena. Breki zao za upepo hulia wakati wowote, hasa pale unapotaka kusema jambo la maana. Sakafu ni saruji tupu, na jua la saa nane likishaipiga unasikia joto kupitia soli ya kiatu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesimama kando ya saruji hiyo nikishindana na malori kwa kelele, na malori hayajawahi kupotewa na sauti.

Daktari wa koo alikuwa kijana mpole. Aliniingiza kijibomba chenye taa puani, akanionyesha kwenye kompyuta vinundu vilivyoota kwenye nyuzi za sauti. Akaniambia nisipaze sauti hadi msimu uishe. Hata kunong'ona niache, kwa sababu kunachosha koo vile vile. Niseme kidogo, kwa sauti ya chini, na kwa mtu aliye karibu. Nisipomsikiliza, huenda nikabaki hivi maisha yangu yote. Nikamwandikia kwenye simu: mimi ni kocha. Akasoma, akanirudishia simu na kusema, "Pole sana, mzee," na niliona kwamba amenihurumia kweli.

Niseme hapa kazi yangu ni ya namna gani, maana watu wakisikia kocha wa kulipwa hudhani nina gari. Kampuni inayonilipa huhifadhi majani ya chai na mizigo mingine inayongoja meli. Zamani ilikuwa na mkurugenzi aliyependa mpira wa kikapu, akaanzisha timu ya wanawake, akanitoa nilikokuwa nafundisha shule na kunipa mkataba. Yeye alishaondoka. Timu ikabaki, nami nikabaki nayo. Asubuhi nasaidia ghalani kama mfanyakazi mwingine yeyote, jioni nafundisha, na siku za mechi ndipo ninapokumbukwa kwamba niko. Nimezeeka hivyo. Goti la kulia linauma, la kushoto linalisaidia la kulia, na mgongo umekaa katikati ukiyalalamikia yote mawili.

Meneja wa sasa ni kijana aliyetoka Nairobi, mwenye adabu, asiyekipenda kikapu wala kukichukia. Kabla ya msimu kuanza aliniita ofisini akanikalisha.

"Kocha, nitakwambia ukweli," akasema. "Tukibaki ligi kuu, mkataba wako unaendelea mpaka ustaafu. Tukishuka daraja, wakubwa wanafunga hiyo timu, na wewe pia hutakuwa na kazi hapa. Si mimi nimeamua."

Nilikuwa nimebakisha miaka miwili nistaafu. Kitinda mimba wangu yuko chuoni. Na zaidi ya hayo, sijui kazi nyingine, na hakuna anayemfundisha kazi mpya mtu wa umri wangu. Habari ya koo sikumwambia. Niliitikia kwa kichwa tu, akadhani ni utulivu wa mtu mzima. Kwa hiyo msimu ule nilikuwa napigania kitu kimoja: kubaki kwenye lile benchi hadi siku ya kuondoka kwa heshima yangu. Vikombe nilishaacha kuviota zamani.

Nikamwita msaidizi wangu. Nilimfundisha tangu akiwa msichana wa shule, mwembamba, mwenye kiburi cha kutosha watu watatu. Sasa ni mama wa watoto, Mgiriama anayekaa Kisauni, na kazi yake ni kufua mashuka katika hoteli moja ya Shanzu. Akija mazoezini hunukia sabuni. Goti lilimwondoa uwanjani, nikamfanya msaidizi kwa sababu sikutaka kumwona akipotelea nyumbani, na kwa sababu ana sauti. Akimwita mtu akiwa upande wa pili wa uwanja, lori hulisikii.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Huniita hivyo tangu shule.

Nikaitikia kwa mkono. Nikamweleza mambo yalivyo, kwa maneno machache ya chini chini, yeye akiwa ameniinamia. Nitamwambia yeye, yeye atawaambia wasichana. Kwa sheria za mchezo wetu, kati ya kocha na msaidizi ni mmoja tu anayeruhusiwa kusimama mechi ikiendelea. Basi nitakaa mimi, asimame yeye.

"Abee, mwalimu," akasema. "Nitasema unalosema wewe."

Wazo la Kigiriama lilikuwa langu, na nililionea fahari. Timu nyingi za ligi kuu ni za Nairobi, na ukipiga kelele kwa Kiswahili kila mtu uwanjani anakusikia, pamoja na unaotaka kuwakamata. Wasichana wetu wengi ni wa pwani ya bara kidogo, Wagiriama, Wachonyi, Waduruma, na lugha zao ni ndugu. Wawili wasiokuwa wa huko walishazoea kwa kukaa nao. Nikamwambia msaidizi: wapigie kelele kwa Kigiriama, watu wa Nairobi wabaki wakitazamana. Akatabasamu, akasema ni wazo zuri sana.

Mimi mwenyewe Kigiriama sikijui. Baba yangu aliletwa Changamwe na kazi ya reli, nikazaliwa hapa, kwa hiyo bara naitwa mpwani na pwani naitwa mbara. Mke wangu ni Mgiriama wa Kaloleni, lakini miaka yote hii tumesemezana Kiswahili, na Kigiriama chake ni cha kuongea na mamake kwenye simu. Naelewa salamu, naelewa majina ya vyakula, na naelewa ninaposengenywa, ila kwa jumla tu, si kwa undani. Sikuona kama ni tatizo. Maneno yalikuwa yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyatoa.

Tulianza msimu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilikaa benchini na chupa ya maji ya uvuguvugu, msaidizi akiinama kila mara kuchukua maneno. "Waambie walinde eneo, wasitoke nje kumfuata mtu." Abee, mwalimu. Anasimama, anaita maneno mafupi, wasichana wanaitikia kwa vichwa na kwenda. Nilimwona refa mmoja akimgeukia mwenzake na kuinua mabega. Timu za Nairobi zilianza kulalamika kwamba tunasemeshana kisiri, nami nikawa natabasamu kama mtu aliyegundua dawa.

Kuna nyakati ambapo waliyoyafanya hayakuwa niliyoyasema. Nimesema walinde eneo, naona kila mmoja amemganda mtu wake. Nimesema mpira uende kwa mrefu wetu wa katikati, naona umepelekwa pembeni. Basi Jumatatu nilikuwa naandika ubaoni kwa chaki, kwa herufi kubwa: KWA NINI HAMKULINDA ENEO? Wasichana waliinamisha vichwa.

"Samahani, mwalimu, tulisahau," alisema mmoja.

"Wallahi mwalimu, mimi nilisikia vingine," alisema mwingine, binti wa Likoni, na wenzake wakainama zaidi. Nilidhani wanaona haya.

Niliwahesabu kuwa wasahaulifu, jambo ambalo limekuwa maoni yangu juu ya wachezaji tangu nianze kazi hii. Lakini mechi hizo tulikuwa tumeshinda, na ushindi humfanya mtu asichunguze sana. Nilifuta ubao tukaendelea.

Nyumbani mke wangu alikuwa na raha ambayo hakujaribu kuificha. "Baba watoto," akasema siku moja akikuna nazi, "ungenyamaza hivi tangu tuoane, sasa tungekuwa na ghorofa." Majirani waliuliza kama nimesafiri. Mimi nilikuwa nakaa kitini barazani, na ndipo nilipojua nimechoka kiasi gani. Huko nyuma kelele zangu zilikuwa zinanificha mwenyewe. Mtu akipiga kelele hudhani ana nguvu. Nilipokatazwa, nilibaki na mwili wangu tu, na mwili wangu ulikuwa unataka kulala. Kwenye mechi nilijikuta naangalia mpira bila kuuona. Nilikuwa nasema "walinde eneo" kwa sababu ndilo lililokuja mdomoni, kama vile mtu anavyosema "Mungu akipenda" akifikiria jambo jingine. Hilo sikumwambia mtu. Nilijiambia ni dawa za koo.

Kisha tukaenda Nairobi tukapoteza mechi zote mbili za wikendi, tukarudi tumevimba miguu kwa basi. Timu zilizokuwa chini yetu zikatufikia. Ikabaki mechi moja, nyumbani, na hesabu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata meneja aliielewa. Tukishinda tunabaki ligi kuu. Tukishindwa tunashuka, kampuni inafunga timu, nami naenda nyumbani na koo langu.

Mke wangu alikuja kutazama mechi hiyo. Hakuwa amekuja uwanjani tangu watoto wakiwa wadogo. Alikuja na mwavuli wa jua na chupa ya juisi ya ukwaju, akakaa ngazi ya pili nyuma ya benchi letu, akawa anawauliza watu ni wapi tunatakiwa kufunga. Nilitamani asingekuja. Mtu hapendi kufutwa kazi mbele ya mkewe.

Ilikuwa mechi ya kuvutana. Wao wanafunga, sisi tunafunga, malori yanalia nje. Kufikia robo ya mwisho wasichana wangu walikuwa wakishika magoti kila filimbi ilipopulizwa, na mrefu wetu alikuwa amebakisha kosa moja tu atolewe. Dakika za mwisho tulikuwa mbele kidogo. Niliona wamechoka, na dawa ya timu iliyochoka naijua: unawarudisha karibu na kikapu, kila mmoja alinde kipande chake, wasikimbie ovyo. Nikamvuta msaidizi.

"Walinde eneo," nikamwambia.

Akanitazama. Safari hii hakusema abee. Alisimama akaita kwa Kigiriama, na yalikuwa maneno mengi kuliko kawaida, na wasichana wote watano waligeuka wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaenda kila mtu kwa mtu wake, wakawaganda mpaka nje kabisa.

Nilimvuta fulana. Hakugeuka. Nilifungua mdomo nipige kelele, koo liende linakotaka kwenda, na sauti iliyotoka hata mchezaji aliyekaa pembeni yangu hakuisikia. Basi nikanyanyuka niende mezani kwa watunza saa kuomba taimauti, ule muda mfupi wa kusimamisha mchezo. Nilikuwa nimeshainua mikono kufanya ile alama. Hapo hapo msichana wao mmoja aliyekuwa pembeni, aliyekuwa ametupiga kwa mbali robo nzima, akapokea mpira akitaka kutupa kama alivyozoea. Mrefu wetu alikuwa ameshafika usoni pake. Akaupiga mpira ukamtoka yule msichana mkononi, ukaangukia kwa mmoja wetu, wakakimbia nao wawili upande wa pili bila mtu mbele, wakafunga. Uwanja ulilipuka kwa kelele. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono juu. Nikaishusha polepole, nikajifanya nanyoosha mgongo.

Yule mpiga mbali sikuwa nimemwona. Robo nzima alikuwa akitutupia mbele ya macho yangu, na mimi nilitaka kuwarudisha wasichana nyuma wamwachie nafasi.

Tulishinda. Meneja aliruka ukuta mdogo akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kocha, hapo mwisho umeweza," akasema. "Watu wamechoka vile na bado unawaambia wakabe mtu kwa mtu. Mimi singethubutu." Nikamwonyesha msaidizi kwa kidole. Nikamwonyesha tena. Akacheka, akanipigapiga bega. "Wewe na unyenyekevu wako, mzee. Jumatatu njoo usaini."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mke wangu, tukipandisha polepole kwa sababu ya magoti. Mwavuli alikuwa ameukunja. Tulipopita kituo cha mafuta akanigeukia.

"Yule dada," akasema, "wewe ndiye uliyemwambia aseme vile?"

Nikamwuliza kwa mkono: vipi?

"Alisema, 'Mzee amechoka leo, msimwangalie. Kila mtu amshike wake, msimwache yule wa pembeni. Na Jumatatu akiwagombeza mnyamaze kama siku zote.'" Akanitazama. "Nilidhani ni mambo yenu mliyopatana."

Nikasimama njiani. Mwenye bodaboda alinipigia honi nimpishe. Kwanza nilikasirika, hasira ya kweli ya mtu aliyefanywa mtoto. Kisha likanijia lile "kama siku zote", nikawakumbuka walivyokuwa wakiinamisha vichwa mbele ya ubao, watu wazima, wengine wana watoto, wakisema samahani kwa kosa lililokuwa langu. Hasira ikaondoka, nikabaki na aibu, na hiyo ilikuwa nzito zaidi. Mke wangu alinishika kiwiko tukaendelea kutembea.

Msaidizi alikuja siku ya pili yake, moja kwa moja kutoka Shanzu, bila kuitwa. Nadhani alijua kwamba mke wangu amenitafsiria. Alimkuta mke wangu uani, wakasalimiana kwa lugha yao, wakasemezana kidogo, kisha akaja barazani na kukaa kwenye kigoda.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Hakujifanya haelewi. "Tangu mechi ya pili, mwalimu. Ulisema tulinde eneo, na wale walikuwa wanapiga tatu tu, zile za mbali. Nikasema langu kidogo. Tukashinda, ukafurahi sana. Nikaona haya kukwambia."

"Na wote wanajua?"

"Wanajua."

"Mbona hamkuniambia?"

Alikuwa akiangalia vidole vyake, vimekunjamana kwa maji. "Ungeacha kazi, mwalimu. Sisi twakujua. Na umebakisha kidogo ustaafu. Tukasema tukushikilie hivyo hivyo mpaka ufike." Kisha akaona uso wangu, akaongeza haraka, "Lakini si kila mara. Mara nyingi ulisema sawasawa, na mimi nikawaambia vile vile ulivyosema."

Nikamwuliza ni mara ngapi hizo nyingi. Akageuza macho akatazama kuku wa jirani. Mke wangu akatuletea chai, tukanywa.

Nilisaini mkataba. Nitamdanganya nani nikisema nilisitasita sana? Nilimwambia meneja, kwa sauti niliyokuwa nayo, kwamba msaidizi wangu ndiye aliyeshinda ile mechi, na kwamba wampe cheo na mshahara wa cheo hicho. Alinisikiliza kwa heshima, akasema ataangalia bajeti, akanipa kalamu. Nilipotoka nje nilikaa ghalani kwenye kivuli muda mrefu.

Vinundu vilitulia. Daktari aliniingiza tena kile kijibomba, akasema sasa naweza kuita, ila nisizidishe. Nilijaribu kwanza nyumbani. Nilimwita mke wangu kutoka barazani, akaitikia "Abee" kutoka jikoni, kisha akasema raha imekwisha. Sauti ilikuwa yangu ile ile, imekwaruza kidogo, lakini yangu.

Siku ya kwanza ya mazoezi ya msimu mpya nilifika mapema kuliko wote. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimetazama mechi zote za mwaka jana kwenye simu, nikiwa nimevaa miwani, nikaona kila kitu ambacho sikukiona wakati ule, na nikapanga upya namna ya kulinda. Wasichana wakaja mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, wakafunga kamba za viatu. Msaidizi alikuwa upande wa pili, karibu na ukuta, akijaza mipira upepo. Nikasimama katikati ya saruji nikawaita kwa sauti, na sauti ikatoka nzima, ikalishinda lori lililokuwa likipita. Nikawaambia mpango: kila mmoja na mtu wake, mrefu abaki nyuma, nikipiga makofi wabadilishane. Ulikuwa mpango mzuri. Hata sasa nasema ulikuwa mzuri.

Hakuna aliyesogea. Waligeuka wote kwa pamoja wakamtazama msaidizi.

Sidhani walikusudia. Ni mazoea tu, na walipojigundua wengine walianza kuangalia viatu vyao. Yeye alikuwa amesimama na mpira mkononi, sindano ya pampu bado imechomekwa, na alionekana kama anayetaka saruji ipasuke immeze.

"Haya," nikamwambia. "Waambie."

"Mwalimu, wamekusikia."

"Waambie."

Akawaambia. Aliyarudia maneno yangu neno kwa neno, mrefu abaki nyuma, makofi, kubadilishana, hakuongeza lake hata moja. Na aliyasema kwa Kiswahili, polepole na wazi, ili nisikie kwamba hajabadilisha kitu. Ndipo wakakimbia kushika nafasi zao. Moyo uliniuma, na nikamshukuru, yote kwa wakati mmoja.

Benchi nililolipigania msimu mzima lilikuwa pale kando, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na hakuna mwingine aliyekuwa akilitaka. Nikaenda nikakaa.